Rilei janja kwenye taa ya ngazi: swichi mbili, taa moja na waya unaokosekana

Taa ya chumba chenye swichi moja haimsumbui mtu. Rilei janja, kale kakifaa kenye ukubwa wa kiberiti kanakoiwezesha simu kuwasha na kuzima taa, kanaingia hapo bila ubishi. Kazi inakuja kwenye ngazi, kwenye korido ndefu, au kwenye chumba cha kulala chenye swichi moja mlangoni na nyingine kando ya kitanda. Hapo mtu anafungua boksi na kukuta nyaya tatu za rangi moja, wakati mchoro uliokuja na kifaa unaonyesha mbili, na swichi zenyewe hazina upande wa kuwasha wala wa kuzima. Wengi huunganisha kwa kubahatisha. Matokeo yanajulikana: taa inaitii swichi ya chini pale tu ya juu ikiwa imeelekea upande fulani, au rilei inapotea kwenye simu kila mtu anapopanda kulala, au breka inaruka.

Mkanganyiko huu unafumuka ukishatenganisha mambo mawili ambayo kwenye saketi ya kawaida yamefungwa pamoja: kupitisha umeme wa taa, na kutoa amri. Swichi ya kawaida hufanya yote mawili kwa mpigo. Rilei ikishawekwa, swichi inaacha kupitisha umeme wa taa na kubaki na kazi ya kutoa amri peke yake. Makosa mengi ya kazi hii yanatokana na mtu kuendelea kuzipa swichi kazi zote mbili.

Tu-wei inavyofanya kazi

Geuza swichi inayouzwa dukani kwa jina la tu-wei, yaani ya njia mbili, utaona skrubu tatu: COM, L1 na L2. Ndani kuna ulimi wa chuma ulioshikana na COM, nao hulala ama kwenye L1 ama kwenye L2. Haukai katikati. Kwa hiyo swichi ya namna hii, ikiwa peke yake, haizimi kitu. Inachagua njia tu.

Kwenye nyumba zetu nyingi, ambako nyaya mojamoja zimepitishwa ndani ya mabomba ya plastiki, mpango uliozoeleka ni huu. Waya wa moto kutoka kwenye breka unaingia COM ya swichi ya chini. Kutoka L1 na L2 za swichi hiyo zinatoka nyaya mbili hadi L1 na L2 za swichi ya juu. Tuziite nyaya za kati. COM ya swichi ya juu inatoa waya mmoja unaokwenda kwenye taa, na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, inaisubiri taa hukohuko darini. Swichi zote mbili zikichagua waya uleule wa kati, moto unapita na taa inawaka. Kila moja ikichagua wake, njia imekatika.

Hesabu hali zote zinazowezekana. Ziko nne: mbili taa inawaka, mbili imezimika, na kutoka hali yoyote ile, ukigusa swichi yoyote kati ya hizo mbili unahamia upande wa pili. Maana yake ni kwamba mkao wa swichi hauelezi chochote. Kinachoeleza ni badiliko. Tutalihitaji hilo tutakapofika kwenye mipangilio ya rilei.

Upo mpango wa pili, unaoonekana zaidi kwenye nyumba zilizofungwa kwa kebo bapa kama ilivyo desturi ya Uingereza. Humo nyaya tatu zinaziunganisha swichi zote mbili: COM kwa COM, L1 kwa L1, L2 kwa L2. Moto unaingia kwenye L1 ya boksi la kwanza, na waya wa taa unatoka kwenye L2 ya boksi hilohilo. Boksi la pili halina kitu zaidi ya zile nyaya tatu. Kwa anayetaka kuweka rilei, mpango huu ni zawadi, kwa sababu moto wa kudumu, yaani usiokatwa na swichi yoyote, na waya wa taa viko mahali pamoja.

Mpango wa tatu ni bora usingekuwepo kabisa. Fundi aliyeishiwa waya, au aliyepewa pesa kidogo, anachukua moto na nyutro kwenye soketi ya chini na kuvifunga kwenye L1 na L2 za swichi ya chini. Anafanya vivyo hivyo juu kwa kutumia soketi ya juu. Kisha anaifunga taa kati ya COM mbili. Inawaka, mwenye nyumba anaridhika, fundi analipwa. Lakini taa hiyo inazimika kwa namna mbili: pande zote mbili za holda zikiwa na nyutro, au pande zote mbili zikiwa na moto. Mtu anayepanda kiti kubadilisha balbu "iliyozimwa" anaweza kuwa anaingiza vidole kwenye volti 230. Dalili yake ni kwamba ndani ya kila boksi la swichi, kipimo kati ya L1 na L2 kinatoa volti 230 kamili kwa kila mkao wa swichi. Ukikuta hivyo, usitafute pa kuweka rilei. Vunja mpango huo na upitishe nyaya upya, hata kama hutaki tena kuwasha taa kwa simu.

Rilei ina pande mbili

Chukua rilei ya Shelly 1 kama mfano, kwa sababu matundu yake yanaonyesha jambo lenyewe waziwazi: L, N, SW, I na O. L na N vinailisha kompyuta ndogo iliyomo ndani, ile inayozungumza na Wi-Fi. Kompyuta hiyo inataka umeme saa zote. Ukikatika, kifaa kinatoweka kwenye simu na swichi zinaacha kusikilizwa. I na O ni upande wa kazi: mguso unaofunga na kufungua njia ya taa. SW ni upande wa kusikiliza. Haiwashi kitu. Inaangalia tu kama moto umefika au umeondoka, kisha inaiarifu kompyuta.

Rilei ya Sonoff Mini ina tofauti moja ndogo ambayo imeunguza vifaa vingi. Badala ya SW ina S1 na S2, na inachosikiliza ni kama matundu hayo mawili yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe. Haitaki moto kutoka nje. Ukiiletea S1 waya wa moto kama ulivyozoea kwenye Shelly, umekiua kifaa. Na tusidanganyike kwamba matundu hayo ni salama kushika: ndani ya vifaa vidogo hivi hakuna kinachoutenga upande wa kusikiliza na umeme wa nyumba, kwa hiyo nyaya za S1 na S2 zinastahili heshima ileile ya waya wa moto.

Kanuni ni moja tu na haina msamaha: L na N za rilei zisipite kwenye swichi yoyote. Rilei inayolishwa kupitia ule waya unaotoka COM ya juu itakufa kila taa inapozimwa ukutani, na hiyo ndiyo siri ya rilei inayopotea kila watu wanapopanda kulala.

Basi muunganiko wenyewe, kwa mpango wa kwanza na rilei inayosikiliza moto, unakuwa hivi. Upande wa swichi haubadiliki hata kidogo: moto unaingia COM ya chini, unapita kwenye nyaya za kati, unatokea COM ya juu. Waya wa COM ya juu, ambao zamani uliishia kwenye holda, sasa unaishia kwenye SW. Moto wa kudumu unaingia L, na kipande kifupi cha waya kinautoa hapo hadi I. Nyutro inaingia N na kuendelea hadi kwenye taa. Kutoka O unatoka waya mpya mfupi unaokwenda kwenye taa. Ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, haiingii kwenye rilei. Inaendelea kwenye mwili wa taa kama ni wa chuma, na usiikate kwa sababu eti kifaa hakina tundu lake.

Kwa mpango wa pili mambo ni mepesi zaidi. Ndani ya boksi la kwanza, ondoa waya wa taa kwenye L2, weka mahali pake waya mfupi unaokwenda SW, kisha waya wa taa uingize kwenye O. Moto unabaki kwenye L1 na tawi lake linakwenda L na I. Kama kifaa ni cha S1 na S2, ondoa moto kwenye L1 pia: S1 inakwenda L1, S2 inakwenda L2, na moto unaishia kwenye tundu la kuingilia la rilei pekee. Boksi la pili huligusi.

Waya unaokosekana

Ukisoma hayo utadhani kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu michoro yote inachukulia kwamba moto wa kudumu, nyutro na waya wa taa vinakutana mahali pamoja. Kwenye nyumba nyingi za Tanzania na Kenya havikutani.

Sababu yake ni uchumi wa waya. Kwenye mabomba, mafundi hurusha moto kutoka swichi hadi swichi, na nyutro kutoka taa hadi taa. Kila taa inapata nyutro darini na inapata moto kupitia swichi yake. Ni njia nzuri na haina kosa; ila iliwekwa kabla mtu yeyote hajafikiria kwamba swichi ingehitaji nyutro. Kwa hiyo kwenye ngazi yetu ya mpango wa kwanza, boksi la chini lina moto na nyaya za kati. Boksi la juu lina nyaya za kati na waya wa taa, bila moto wa kudumu, bila nyutro. Darini kuna nyutro na waya wa taa, bila moto wa kudumu. Sehemu tatu, na hakuna hata moja iliyo na vyote.

Kabla ya kukata tamaa, panda darini kwanza. Kama nyumba ilifungwa kwa mtindo wa silingirozi, yaani moto na nyutro vinarushwa kutoka taa hadi taa na swichi inashushiwa waya wa kwenda na kurudi, basi kila kitu kiko pale juu na rilei inakaa hapo vizuri kuliko mahali popote. Watu huanza kwa kubomoa swichi kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono, kumbe jibu lilikuwa juu ya taa.

Kama darini hakuna moto wa kudumu, njia iliyonyooka ni kuuvuta. Waya mmoja wa milimita za mraba 1.5 kutoka boksi la chini hadi kwenye taa, wa saketi ileile. Bomba la milimita 20 lenye nyaya tatu au nne bado lina nafasi. Dari likiwa la mbao au jipsamu, kazi ni ya asubuhi moja. Bomba likiwa limezikwa kwenye zege la ghorofa, lenye kona za ghafla, unaweza kusukuma springi ya kuvutia waya hadi mikono iume na isipite. Usitumie waya wa zamani kuvutia mpya hadi uwe na hakika kwamba nyaya zote ndani humo zinasogea.

Hapo ndipo watu hukimbilia rilei isiyohitaji nyutro. Inafaa kuelewa inavyoishi. Kifaa hicho kimefungwa kati ya moto na taa, nacho hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana ndani ya taa yenyewe, hata taa ikiwa imezimwa. Kwa balbu ya zamani ya nyuzi hakuna aliyegundua. Kwa balbu ya LED ya wati 7, umeme huo mdogo unatosha kuifanya ing'ae gizani au ipepese kila sekunde chache. Dawa yake ni kale kakopo kadogo, kapasita, kanakouzwa pamoja na vifaa hivyo ili kafungwe sambamba na taa. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kwenye mpango wa kwanza, rilei isiyohitaji nyutro peke yake haikuokoi. Bado inataka moto wa kudumu na waya wa taa katika boksi moja, na vitu hivyo viwili viko kwenye maboksi mawili tofauti, kimoja chini na kingine juu.

Badilisha swichi, si nyaya

Njia ninayoipenda kuliko zote, hasa kwenye ghorofa la zege, ni kuondoa tu-wei zote mbili na kuweka swichi za kubonyeza zinazorudi zenyewe, zile za namna ya kengele. Zipo zenye sura sawa na swichi za kawaida, hivyo ukuta haubadiliki. Hakikisha tu zimeandikwa kwamba zinabeba volti 230 au 250, maana baadhi ya vibonyezo vya kengele vimetengenezwa kwa volti chache tu.

Uzuri wake ni huu. Tu-wei zinahitaji nyaya mbili za kati kwa ajili ya kuchagua njia. Vibonyezo havichagui njia. Vinagusa na kuachia, na rilei inageuza hali kila inapoguswa. Kwa hiyo vinafungwa sambamba, na nyaya mbili za kati zinapata kazi mpya. Wa kwanza unakuwa moto wa kudumu unaopanda kutoka chini hadi juu. Wa pili unakuwa waya wa amri. Chini, kibonyezo kinaunganisha moto na waya wa amri. Juu, kibonyezo cha pili kinafanya hivyohivyo, na hapohapo rilei inapokea: moto kwenye L na I, waya wa amri kwenye SW, na O inakwenda kwenye ule waya uliokuwa ukitoka COM ya juu kwenda kwenye taa.

Tazama kilichotokea. Bila kuvuta waya wowote, boksi la juu sasa lina moto wa kudumu na waya wa taa. Kilichobaki ni nyutro, na nyutro iko juu ya taa, mwisho wa bomba lilelile linalobeba waya wa taa. Kuivuta kutoka hapo ni hatua chache, tena ndani ya bomba moja tu. Ikishindikana kabisa, hapa ndipo rilei isiyohitaji nyutro inapopata mahali pake halali.

Na kama ngazi ina kituo cha katikati na mama mwenye nyumba alitaka siku zote swichi ya tatu hapo, kibonyezo cha tatu kinaungwa kwenye nyaya hizohizo mbili. Kwa mpango wa tu-wei ingehitajika swichi ya kati yenye skrubu nne, ambayo maduka mengi ya mitaani hayaiweki.

Usijaribu mpango huu kwa swichi za kawaida za kuwasha na kuzima. Mbili zikifungwa sambamba, moja ikiachwa imefungwa, nyingine inakuwa bubu. Waya wa amri umeshajaa moto na hakuna badiliko la kusikilizwa.

Kuifundisha rilei kusikiliza

Ukimaliza nyaya, programu ya simu itakuuliza aina ya swichi, na majibu ni kama matatu. La kwanza linaifanya rilei ifuate mkao: moto ukifika SW, washa; ukiondoka, zima. Kwa tu-wei hilo ni kosa. Jioni utazima taa kwa simu huku waya wa amri ukiwa bado na moto. Ukija kuibonyeza swichi, moto utaondoka, rilei itasoma "zima" wakati taa tayari imezimwa, na utalazimika kubonyeza mara mbili. Jibu sahihi kwa tu-wei ni lile la kufuata badiliko, ambalo kwenye programu ya Shelly limeandikwa Edge: moto ukija au ukiondoka, geuza hali. Tumeshaona kwamba kwenye tu-wei kila mguso huleta badiliko moja na moja tu, kwa hiyo mpangilio huu na saketi hiyo vinaelewana kikamilifu. Jibu la tatu, la mguso wa muda, ni la vibonyezo.

Kuna hitilafu moja inayowafanya watu waseme nyumba ina mapepo: taa inajiwasha usiku bila mtu. Sababu iko kwenye nyaya za kati. Taa ya tu-wei ikiwa imezimika, waya mmoja wa kati una moto na mwingine, ulioungana na SW, unaning'inia bila kushikwa na kitu, na nyaya hizo mbili zinasafiri zikigusana bega kwa bega ndani ya bomba kwa mita kadhaa. Volti kidogo huruka kutoka mmoja kwenda mwingine bila kugusana shaba. Ndiyo hiyohiyo inayozifanya LED za ngazi nyingi zing'ae hafifu baada ya kuzimwa. Zamani taa yenyewe ilikuwa mzigo uliomeza volti hizo. SW haimezi kitu, inasikiliza tu, na wakati mwingine inasikia kisichokuwepo. Kifaa kidogo chenye kapasita na kizuizi, kinachofungwa kati ya SW na nyutro, huituliza. Vibonyezo vina nafuu kiasi, kwa kuwa programu nyingi huruhusu kubadilisha muda wa mguso unaokubalika, ila bomba likiwa refu hata hapo kifaa hicho hakikosi kazi.

Feza mbili na nyutro ya kuazima

Ngazi ndiyo mahali ambapo saketi ya chini na saketi ya juu hukutana, na hapo ndipo mafundi huchanganya. Moto wa ngazi unachukuliwa kwenye breka ya taa za chini kwa sababu swichi ya chini iko karibu, na nyutro inachukuliwa kwenye taa ya juu kwa sababu taa iko karibu. Taa inawaka. Lakini anayezima breka ya juu ili afanye kazi, kisha akaitenganisha nyutro hiyo, anakuta waya mweusi unaomrusha: moto unatoka saketi ya chini, unapita kwenye taa, unamngoja kwenye nyutro. Kama nyumba ina breka za kukinga watu dhidi ya umeme unaovuja, moja kwa kila ghorofa, zitaruka mara taa inapowashwa, na watu huzilaumu breka badala ya kumlaumu aliyeazima.

Kwenye nyumba yenye feza tatu, yaani inayoletewa nyaya tatu tofauti za moto, hatari inazidi. Ghorofa ya chini ikiwa kwenye feza moja na ya juu kwenye nyingine, kati ya moto wa chini na moto wa juu kuna takriban volti 400. Rilei iliyopewa L kutoka juu na SW kutoka chini inapokea volti hizo ndani ya plastiki iliyotengenezwa kwa 240 au zaidi kidogo. L, N na SW zitoke nyuma ya breka moja. Kuthibitisha ni rahisi: zima breka hiyo moja, kisha pima kila waya kwenye maboksi yote mawili na darini. Ukibaki waya hata mmoja wenye umeme, simama.

Pima kwa mita yenye ncha mbili. Tesita ya bisibisi isikuongoze kwenye tu-wei, kwa sababu zile volti za kuruka nilizozieleza huwasha kataa kake kwenye waya ambao hauna moto wa kweli, na kidole kikavu au kiatu kinene kinaweza kukazima kwenye waya wenye moto. Na kwa nyumba zenye inveta na betri, kuzima swichi kuu ya TANESCO au ya Kenya Power hakutoshi. Taa huwa ndizo za kwanza kuwekwa kwenye inveta, nayo itazilisha saketi zako wakati umeshika nyaya. Kuisha kwa yuniti za LUKU si kuzima umeme pia. Kazi hii ya nyaya ni ya mtu mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania na ya EPRA kwa Kenya. Mwenye nyumba anayeielewa saketi yake atamwelekeza fundi vizuri zaidi, atamuuliza maswali ya maana, na atajua kama alichofanyiwa ni sawa.

Rangi zisikudanganye. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, za karibuni zina kahawia na bluu, na ndani ya mabomba ya tu-wei utakuta rangi yoyote iliyokuwa imebaki kwenye roli siku hiyo.

Mambo madogo ya mwisho. Boksi la swichi lenye kina cha milimita 25 halitoshi kubeba rilei pamoja na swichi na viungo vyake. Tafuta la milimita 35 au zaidi, au iweke rilei darini ndani ya boksi lake. Boksi la chuma na zege la ghorofa hupunguza nguvu ya Wi-Fi, kwa hiyo pima mawimbi kwa simu mahali hapohapo kabla ya kufunga. Rilei nyingi za aina hii hushika masafa ya 2.4 GHz tu. Ikiwa ruta yako inarusha 5 GHz peke yake hazitaiona. Intaneti ikikatika, swichi za ukutani zinaendelea kufanya kazi, kwani uamuzi unafanyika ndani ya rilei yenyewe. Na uchague hali ya taa baada ya umeme kurudi: ukiacha "iwake", umeme uliokatika saa mbili usiku ukirudi saa tisa, ngazi nzima itawaka na wote wamelala. Mimi huchagua irudi ilivyokuwa.

Halafu ifikirie siku rilei itakapoungua, maana umeme wetu unapanda na kushuka na vifaa hivi vidogo haviishi milele. Kama umebakiza tu-wei na rilei ni ya SW, kurudi nyuma ni kiungo kimoja: waya ulioingia SW na waya uliotoka O vikikutanishwa kwenye konekta, saketi ya zamani imerudi kamili na swichi zote mbili zinawasha taa. Ubandike kila mmoja utepe, "kutoka swichi" na "kwenda taa", kabla ya kufunga boksi. Kama umeweka vibonyezo, zile tu-wei mbili usizitupe. Zifunge kwenye mfuko pamoja na mchoro wa nyaya zilivyokuwa, uuweke karibu na mita.